Kipimamwanga cha bei nafuu kwa kamera ya filamu: shajara ya miezi sita mjini Lamu

14 Januari 2024: Mkanda wa kwanza, bila kipimo

Marehemu ami aliniachia kamera ya filamu ya miaka ya 1970, ya chuma tupu, ambayo shata yake, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, haihitaji betri. Kasi zake ni tano tu, kuanzia 1/30 hadi 1/500 ya sekunde, na lenzi yake ya milimita 58 hufunguka hadi f/2 na kufungwa hadi f/16. Kipimamwanga kilichojengwa ndani yake hakisogezi tena mshale. Mradi wangu ni kupiga mikanda kumi ya nyeusi na nyeupe, nusu yake madaka, yaani vibaraza vya mlangoni, ya nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani na nusu yake mafundi wa jahazi wa kijiji cha Matondoni. Lakini kabla ya kuanza kazi yenyewe nataka kupata kipimamwanga cha kuaminika kisichozidi shilingi 8,000. Nitaandika hapa kila ninachojaribu pamoja na gharama yake, ili mwenye kamera kama yangu asilazimike kuharibu mikanda niliyoiharibu mimi.

Mkanda wa kwanza niliupiga kwa kanuni ya zamani ya wapigapicha: jua likiwa kali na anga safi, weka tundu la lenzi kwenye f/16 na kasi ya shata ilingane na namba ya ISO ya filamu, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. Filamu yangu ni ya ISO 400, kwa hiyo nilitumia f/16 na 1/500, ambayo ndiyo kasi iliyo karibu zaidi. Kuanzia gatini hadi mbele ya makumbusho, kaskazi ikivuma na anga likiwa halina wingu, kanuni hii haikunikosesha picha hata moja. Niliyopiga saa nne asubuhi na niliyopiga saa nane mchana zilitoka na weusi wa kutosha na weupe wenye umbile.

Taabu ilianza nilipoingia vichochoroni. Kuta za mawe ya matumbawe ni ndefu na njia ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Jua haliifikii sakafu ila kwa muda mfupi, na mwanga uliopo ni ule unaodunda kutoka ukuta hadi ukuta. Mahali ambapo kuna wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, giza linazidi. Nilikadiria kwa macho tu, na macho yalinidanganya, kwa sababu mboni hupanuka yenyewe na mtu hahisi ni mwanga kiasi gani uliopotea. Nilidhani chini ya wikio kunahitaji hatua tatu au nne zaidi ya pwani. Kwa kamera ya kidijitali niliyoazima kwa mwalimu jirani, nilikuta tofauti ni hatua saba: kutoka f/16 na 1/500 hadi f/4 na 1/60. Kwa msomaji mgeni wa jambo hili, kila hatua ni kuongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu, kwa hiyo hatua saba ni tofauti ya mara 128. Picha kumi na moja za vichochoroni hazina kitu isipokuwa ukungu mwembamba juu ya filamu.

Jambo moja la usafishaji nalitaja mara hii na sitalirudia. Dawa ninayotumia imewekewa muda wa nyuzi 20, na maji yangu ya bomba hayashuki chini ya nyuzi 27. Nimechagua kusafisha mikanda yote kwa nyuzi 24, nikipooza maji kwa barafu inayouzwa kwa wavuvi, kwa muda uleule kila mara, ili tofauti nitakazoziona katika negativu zitokane na kipimo wala si na dawa. Mkanda mmoja umenigharimu shilingi 1,700.

3 Februari 2024: Kipimo cha seleni

Nilinunua Mombasa, kwa shilingi 2,000, kipimamwanga cha mkononi cha miaka ya 1960 kinachotumia seli ya seleni. Uzuri wa seleni ni kwamba mwanga wenyewe huzalisha umeme mdogo unaosukuma mshale, kwa hiyo hakuna betri ya kutafuta. Ubaya wake ni kwamba seli hiyo huzeeka. Unyevu hula viunganishi vyake, na nguvu yake hupungua polepole bila kumwambia mwenye nacho. Muuzaji alinionyesha mshale ukipanda dirishani na kushuka alipoziba seli kwa kiganja, nami nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu jaribio hilo linathibitisha tu kwamba kipimo kiko hai. Halisemi kama kinasema kweli.

Nilipofika nyumbani nilikilinganisha na kamera ya mwalimu mahali pa aina tatu, nikielekeza vyote viwili kwenye kipande kilekile cha kadi ya kijivu, ile ambayo wapigapicha huitumia kama kigezo cha kupimia. Penye jua la pwani, kamera ilisema f/16 na 1/500. Kipimo kikasema f/11 na 1/500, yaani kilikuwa chini kwa hatua moja. Ndani ya daka, kamera ilisema f/5.6 na 1/125. Kipimo kikasema f/2.8 na 1/60, yaani chini kwa hatua tatu. Chini ya wikio mshale haukunyanyuka kabisa.

Kama kosa lingekuwa hatua moja kila mahali, ningeweza kulirekebisha kwa kuweka ISO 800 badala ya 400 na kuendelea na kazi. Lakini kosa linaloongezeka kadiri mwanga unavyopungua halina rekebisho moja. Hata hivyo nilipiga mkanda mzima kwa kukifuata, kwa sababu nilitaka kuona filamu itavumilia kiasi gani. Kipimo kilichochoka hutaka mwanga mwingi kuliko unaohitajika, na filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo picha za pwani zilikuwa njema na za madaka zilikuwa nzito lakini zinasomeka. Kilichoziharibu picha za madaka ni mtikisiko. Kipimo kilinishusha hadi 1/30 mahali ambapo 1/125 ingetosha kabisa, na mkono wangu hautulii kwa 1/30.

Anayetaka kununua kipimo cha seleni asikikatae kwa sababu ya umri peke yake, kwa kuwa viko vilivyotunzwa gizani ambavyo bado vinafanya kazi. Lakini ni lazima akijaribu kivulini kwanza, mbele ya muuzaji, akiwa na kitu cha kulinganishia. Jua kali humsitiri mgonjwa.

24 Februari 2024: Simu, na ukuta wa chokaa

Nilipakua katika simu yangu programu ya bure inayotumia kamera ya simu kama kipimamwanga. Kwenye kadi ya kijivu ilikubaliana na kamera ya mwalimu kwa tofauti ndogo kuliko nusu hatua, penye jua na chini ya wikio pia, nikadhani nimefika mwisho wa safari bila kutumia senti. Nikapiga mkanda wa tatu kwa furaha, nao ndio ulionifunza jambo kubwa kuliko yote yaliyomo katika shajara hii.

Kati ya picha 36, 14 zilikuwa mbovu, na ubovu wake ulikuwa na mpangilio. Kila mahali nilipoelekeza simu kwenye ukuta mpya wa chokaa, ukuta ulitoka wa kijivu kama saruji, na mzee aliyekaa dakani mbele yake akawa kivuli kisicho na macho. Shangazi yangu alinikubalia nimpige akiwa ameketi kwenye baraza amevaa buibui (bila ruhusa ya mwenyewe sipigi picha ya mwanamke yeyote hapa, wala sishauri mtu apige), na buibui lake lilipojaa kwenye kioo cha simu, picha ikatoka imeoshwa: buibui la kijivu na uso uliopaukia kwenye ukuta.

Simu haikuwa na kosa. Kipimo cha aina hii hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na hakijui kitu hicho ni cheupe au cheusi. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kinachokiona kina wastani wa kijivu, ambacho kwa desturi ya kadi za wapigapicha hurudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga. Ukuta wa chokaa hurudisha mwanga mara nne ya huo au zaidi, na mara nne ni hatua mbili. Kipimo hukiona cheupe, hudhani ni kijivu chenye mwanga mwingi, na huagiza hatua mbili pungufu. Kwa nguo nyeusi huagiza kinyume chake. Katika mji wenye vitu vingi vya kati, kama majani, udongo na mawe, kosa hili hujificha. Lamu imejaa chokaa, kanzu nyeupe, buibui na milango ya mti mweusi, na yote haya hukutana katika picha moja yenye upana wa hatua sita.

Nilipata dawa mbili. Ya kwanza ni kupima kiganja changu mwenyewe badala ya ukuta: nikiweka kiganja katika mwanga uleule unaomwangukia mtu ninayempiga, nikapima, kisha nikaongeza hatua moja, kwa sababu kiganja hurudisha mwanga karibu mara mbili ya kadi ya kijivu. Inafanya kazi, na haigharimu kitu. Kasoro yake ni kwamba nahitaji mkono mmoja wa kupimwa, mmoja wa simu, na wa tatu wa kamera. Dawa ya pili ni kuacha kupima mwanga unaorudi na kupima ule unaoanguka, yaani kusimama mahali alipo mtu na kuelekeza kipimo chenye kuba nyeupe upande wa kamera. Hapo weupe na weusi wa kitu haviingii katika hesabu hata kidogo. Kuanzia leo sitafuti tena kipimamwanga cha bei nafuu tu. Natafuta cha bei nafuu chenye kuba.

Vipya vyenye kuba viko. Sekonic L-308X, kwa mfano, hupima kwa njia zote mbili na hutumia betri moja ya AA inayopatikana katika kila duka la mtaa wa Langoni, lakini bei yake ni mara kadhaa ya fungu langu.

16 Machi 2024: Kipimo cha kadmiamu na betri ya zebaki

Tuko katika siku za mwanzo za Ramadhani, na jua siku hizi linapita juu kabisa ya mji. Lamu iko nyuzi mbili na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi, saa sita na dakika kama 25 mchana, mwanga hudondoka wima hadi kwenye sakafu ya vichochoro kwa dakika chache, kisha hupanda ukutani tena. Nilitamani sana kuzikamata dakika hizo, na niliziharibu zote.

Nilikuwa nimenunua kwa shilingi 3,500 kipimo cha mkononi cha miaka ya 1970 chenye seli ya salfaidi ya kadmiamu na kuba nyeupe inayoteleza mbele ya seli. Kilitengenezwa kwa betri za zebaki zenye volti 1.35, ambazo haziuzwi tena kwa sababu ya sumu ya zebaki. Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1996. Dukani nilipewa betri ya alkali ya umbo lilelile, yenye volti 1.5, na mshale ukaamka mara moja. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Betri ya zebaki ilishika volti yake bila kuyumba mpaka siku ya kufa, na watengenezaji wa vipimo walijenga hesabu yao yote juu ya uthabiti huo. Betri ya alkali huanza juu na kushuka siku hadi siku. Volti ikizidi, mshale hupanda zaidi, kipimo hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na mpigapicha hupunguza mwanga usiopaswa kupunguzwa. Mkanda wangu wa nne wote umepungukiwa kwa hatua moja na zaidi, na kwa filamu hilo ni kosa baya kuliko kuzidisha: kivuli ambacho hakikuandikwa kwenye negativu hakirudishwi kwa ujanja wowote wa usafishaji. Dakika zile za jua la wima zimebaki kama mistari myeupe katikati ya weusi mtupu.

Kwanza nilijaribu betri za hewa na zinki, zile za vifaa vya kusikia, ambazo niliagiza kutoka duka la dawa Mombasa kwa shilingi 600 kwa pakiti. Zina volti 1.4 na hushika vizuri, lakini ukishabandua kibandiko chake huanza kujimaliza hata kama hutumii kipimo, na hudumu wiki chache tu.

Suluhisho lilitoka kwa fundi saa mmoja wa Langoni. Nilimpelekea kipimo baada ya sala ya alasiri nikamweleza habari ya volti. Alikigeuza, akakifungua kwa bisibisi ndogo kuliko njiti, akasema, "Mwanangu, betri ya saa ni ya fedha, volti yake moja na nusu na kitu, na haiyumbi mpaka ife. Kinachokusumbua ni hicho kitu kilichozidi. Tutakipunguza njiani." Alilehemu dayodi moja ya Schottky kwenye waya wa betri. Dayodi ya aina hiyo hula kiasi cha volti 0.2, na 1.55 ya betri ya fedha ikiondolewa hiyo hubaki 1.35, kama ilivyokuwa ya zebaki. Kazi pamoja na betri mbili na pete ya kushikia betri ndogo ilikuwa shilingi 650. Nilipolinganisha tena na kamera ya mwalimu, tofauti ilikuwa theluthi moja ya hatua penye jua na nusu hatua kivulini.

30 Aprili 2024: Kumbukumbu ya seli, na mpira wa meza

Mvua imeninyima siku nyingi, lakini imenipa nafasi ya kuchunguza kasoro moja ambayo sikuielewa tangu Machi. Nikitoka pwani na kuingia kichochoroni, kipimo kilichotengenezwa na fundi husema sawa na kamera, lakini si mara moja. Seli ya kadmiamu hukumbuka mwanga mkali iliouona, na huchukua muda kusahau. Nilihesabu: kutoka jua la gatini hadi chini ya wikio, mshale ulishuka kwa karibu dakika nzima kabla ya kutulia. Nikipima mara tu ninapofika, nakosea kwa hatua moja na nusu. Kwa mlango uliosimama mahali pake miaka mia, dakika moja si kitu. Kwa fundi anayepiga randa, picha imekwisha pita. Tangu nilipoanza kukitembeza kikiwa kimefunikwa ndani ya mfuko, kosa hilo limepungua sana.

Wakati wa mvua nilijaribu pia sensa ya mwanga iliyo juu ya kioo cha simu za Android, ile inayoongeza na kupunguza mng'aro wa kioo. Hiyo hupima mwanga unaoanguka na kuutaja kwa luksi, ambazo ni vizio vya mwanga, na hesabu ya kuugeuza kuwa EV, yaani namba ya kiwango cha mwanga kwa hatua, ni nyepesi: kwa kipimo chenye uso bapa, luksi 2,560 ni mwanga wa EV 10 kwa ISO 100, na kila luksi zinapoongezeka maradufu, EV hupanda moja. Luksi 80 ni EV 5, na luksi 81,920 ni EV 15, ambayo ndiyo kanuni yetu ya jua na f/16. Lakini sensa bapa huona vizuri mwanga wa mbele tu, na mwanga wa pembeni huudharau, ilhali vichochoroni mwanga mwingi hutoka juu na ubavuni. Nilinunua pakiti ya mipira sita ya tenisi ya meza kwa shilingi 300, nikakata mmoja nusu kwa wembe, nikaufunika juu ya sensa. Kivulini matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Penye jua sensa ya simu yangu hufika kikomo na kuganda kwenye namba moja, na simu yenyewe hupata moto mpaka kioo hufifia. Sikupiga mkanda kwa njia hii, ila nusu ya mpira niliitunza.

19 Mei 2024: Kipimo kidogo cha kidijitali

Niliagiza kipimo kipya kidogo kinachoteleza juu ya kamera, mahali pa kuwekea taa. Kilikuja kwa basi hadi Mokowe, kikavuka kwa boti, na jumla ikawa shilingi 6,900 pamoja na usafiri. Seli yake ni ya silikoni, kwa hiyo haikumbuki kitu: hupima papo hapo, penye jua na gizani. Betri yake ni CR2032, ambayo kila duka la simu huuza. Kwenye kadi ya kijivu hakijapishana na kamera ya mwalimu kwa zaidi ya theluthi moja ya hatua mahali popote.

Lakini hakina kuba. Mkanda wa tano, nilioupiga nikikiamini kama kilivyo, ulirudia kosa la Februari, ukuta kwa ukuta.

Hapo nikakumbuka nusu ya mpira. Niliibandika kwenye kipande cha mfuniko wa plastiki unaokaa sawasawa mbele ya jicho la kipimo, ili niweze kuivua na kuivika. Swali likawa ni ISO gani niweke, kwa sababu mpira hupitisha mwanga kwa kiasi chake. Kama ungepitisha asilimia 18 tu, ungeiga kadi ya kijivu na namba isingebadilika. Plastiki nyembamba hupitisha zaidi, kwa hiyo kipimo hudhani mwanga umezidi na lazima kidanganywe kwa ISO ndogo. Nilisimamisha kadi ya kijivu juani saa tatu asubuhi, nikaipima bila mpira kwa ISO 400, kisha nikaweka kipimo palepale kwenye kadi, mpira ukielekea kamera, na kushusha ISO mpaka majibu yalipofanana. Yalifanana kwenye 160. Nilirudia ndani ya daka na chini ya wikio, na 160 ikabaki 160. Namba hiyo ni ya mpira wangu. Mwenye kuiga afanye jaribio lake mwenyewe, kwa kuwa unene wa mipira hutofautiana.

22 Juni 2024: Matondoni

Kusi inavuma, na jua la mchana limehamia kaskazini kwa takriban nyuzi 26 kutoka utosini, kwa hiyo madaka yaliyoelekea kaskazini sasa yanapata mwanga ambao mwezi wa Januari hayakuwa nao.

Mkanda wa sita nilianza kuukosea kwa namna mpya. Nilipiga picha saba za fundi aliyeketi chini ya makuti akipigilia kalafati kwenye mbao za mashua, kipimo kikiwa juu ya kamera na kuba yake imevikwa. Nilisahau kwamba kuba lazima iwe katika mwanga wa mtu anayepigwa, ielekee kamera, wala si katika mwanga wa mpigapicha ikimwelekea mtu. Mimi nilikuwa juani, yeye kivulini, na kipimo kilipima jua langu. Zote saba ni giza. Fundi aliponiona nakwenda na kurudi aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimweleza, naye akakichukua kipimo akakishika karibu na kifua chake kila nilipotaka kupiga, akinisomea namba mwenyewe. Picha 29 zilizofuata ziko sawa zote, mbao nyeupe na uso mweusi wa jua pamoja.

Tangu siku hiyo kipimo hakikai juu ya kamera. Nimekifunga kamba ya kikoi na kukivaa shingoni. Nikiweza kumfikia mtu, napima usoni pake. Nikiwa siwezi, natafuta karibu yangu mahali penye mwanga wa namna moja na wake, kivuli kwa kivuli, na kupima hapo.

Gharama za vipimo peke yake ni hizi: seleni 2,000, kadmiamu 3,500 pamoja na betri za hewa 600 na kazi ya fundi saa 650, mipira 300, na kipimo cha kidijitali 6,900. Jumla ni shilingi 13,950, nayo imezidi fungu langu kwa karibu 6,000. Mikanda sita ya majaribio ni shilingi 10,200 nyingine. Anayeanza leo kwa kipimo cha kidijitali na mpira atatumia 7,200. Asiye na kiasi hicho atumie simu na kiganja, aongeze hatua moja, na aweke fedha zake kwenye filamu. Hiyo ni bora kuliko kununua kipimo cha zamani ambacho hakupata nafasi ya kukijaribu kivulini. Cha kadmiamu nimekibakiza kwa ajili ya milango, ambayo haina haraka.

7 Julai 2024

Mikanda miwili ya kwanza ya mradi wenyewe imesafishwa. Katika picha 72, tatu tu zimekosea mwanga, na zote tatu ni za wakati wa magharibi, ambapo mwanga ulishuka hatua mbili kati ya kupima na kupiga. Nusu ya mpira imeanza kugeuka rangi ya maziwa yaliyochacha kwa sababu ya jua na chumvi. Nimekata wa pili na kuujaribu kwenye kadi: huu unataka ISO 200 badala ya 160, na nimeiandika namba hiyo kwa kalamu ya wino ndani ya mfuniko wake.